Mkono Kwenye Hendeli

Kilichoanza kumsumbua Rufat kilikuwa mlio mdogo tu. Alikuwa jikoni akikata mkate, mchana, ukungu wa Novemba umeganda dirishani, akasikia kutoka bandani: tak.

Mlio ule aliujua. Bandani kulikuwa na trekta kuukuu la petroli ambalo shamba la ushirika lililitelekeza mpaka magugu yakalimeza. Rufat, aliyekuwa fundi umeme wa ushirika huo hadi ulipokufa, alilikokota kwa farasi hadi kwake ili alifufue. Trekta la namna hiyo halina betri. Cheche zake hutoka kwenye magneto, na ndani ya magneto mna springi: ukizungusha hendeli polepole springi hujikaza, kisha hufyatuka, tak, na hapo cheche huruka kwenye plagi. Pasipo mtu wa kuzungusha, hakuna mlio.

Alitoka na kisu mkononi. Banda lilikuwa tupu. Hendeli ilikuwa imesimama juu, na yeye aliiacha ikitazama chini.

Alijiambia ni mgandamizo wa pistoni umeirudisha nyuma. Jambo hilo hutokea. Akarudi kula.

Rufat aliishi peke yake. Kijiji chao, katika eneo la Deliorman, kilianza kupungua tangu mwaka ule Waturuki wengi wa Bulgaria walipofungasha mizigo na kuvuka mpaka kwenda Uturuki, na waliosalia waliendelea kuondoka mmoja mmoja. Mkewe Sevdiye alikuwa Ujerumani akiuguza wazee wa watu. Walikuwa wakipigiana simu, wakiulizana afya na hali ya hewa, halafu maneno yanaisha. Upande wao wa kijiji moshi ulitoka kwenye nyumba mbili tu: ya Rufat, na ya Bi Zulfiye, ajuza anayeyeyusha risasi, ile metali laini, na kuimwaga majini ili kuwaagua watu walioingiwa na hofu.

Ndiyo maana Rufat alizoea kusema na trekta. Alilisalimia asubuhi, akalitukana kidogo, akaliomba radhi. Cheche yake ilikuwa na tabia mbaya: leo ipo, kesho haipo. Alisugua pointi za magneto kwa msasa laini, akabadilisha kondensa, akatupa waya uliopasuka ngozi. Cheche ikaja ya buluu, safi, na kesho yake ikatoweka tena. Akahisi ni unyevu umeingia kwenye koili, akaikausha kando ya jiko. Hapo pia hapakubadilika kitu.

Siku moja aliilaza plagi juu ya chuma cha injini ili aione vizuri, akachoka, akakaa chini.

"Basi sema mwenyewe," alinong'ona. "Unataka nini?"

Cheche ikaruka. Hendeli haikuguswa na mtu.

Aliinuka ghafla. Akauliza kama kuna mtu, na cheche ikaruka tena, tak, na hendeli akaiona kwa macho yake ikijisogeza kidogo kisha ikatulia, kama mtu anayejiweka sawa kitini.

Mtu mwingine angekimbia. Rufat naye alifika mlangoni. Lakini pale mlangoni aliiona barabara yote ya kijiji na ukungu wake, na milango iliyofungwa kwa minyororo, akarudi, akavuta kigoda. Kuanzia siku hiyo hakugusa spana. Aliuliza, akajibiwa, cheche ni ndiyo, kimya ni hapana. Alisimulia habari za Sevdiye, anavyocheka, anavyoita kutoka jikoni. Bandani pakaanza kunuka kama hewa baada ya radi, na chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine, ya nywele zilizoungua, ambayo ilimfuata ndani ya nyumba, kisha ikawa inamtangulia.

Halafu mchana mmoja aliitwa.

"Rufat, njoo ule, kinapoa."

Ilikuwa sauti ya Sevdiye, ikitoka jikoni, na Rufat alivuka uwanja huku akijua kabisa kwamba mkewe yuko nchi nyingine, akasukuma mlango na kukuta meza imetandikwa, mkate umekatwa, bakuli la tarhana, supu ya unga uliochachushwa kwa mtindi, linafuka moshi, na kiti cha upande wa pili kimevutwa nyuma kama mtu aliyeinuka sasa hivi kwenda kuchukua chumvi, na ingawa jiko lilikuwa baridi na majivu yake ya juzi, na ingawa kila kilichokuwa hai ndani yake kilimwambia atoke, alikaa, akashika kijiko, akala, huku machozi yakimtiririka, kwa kuwa ilikuwa imekolea pilipili vilevile anavyopenda yeye.

Akaitwa na siku iliyofuata. Akawa anaitwa kila siku.

Bi Zulfiye ndiye aliyegundua. Aliona nyumba ya Rufat haitoi moshi, akaja na fimbo yake, akaingia bila kubisha. Alimkuta mezani, amekonda, anatabasamu, meno yake meusi. Ajuza alichovya kidole kwenye bakuli, akanusa.

"Mwanangu, unakula nini?"

"Supu, Bi Zulfiye. Kaa ule na wewe."

"Hii ni oili chafu ya injini."

Rufat alitazama bakuli. Akakimbilia nje kutapika, na alichotapika kilikuwa cheusi.

Bi Zulfiye hakumlaumu. Alimwagiza akafungue magneto, aitoe kabisa kwenye trekta, ailete jikoni. Kisha akamfunika shuka kichwani, akawasha jiko, akayeyusha risasi kwenye kijiko cha chuma, akaimimina katika sufuria ya maji aliyoishikilia juu ya kichwa chake. Ilipasuka kwa kishindo. Ajuza aliitazama ilivyoganda, akashusha sauti.

"Huyu hakuja na trekta. Alikuwemo bandani zamani, anangoja mtu amsemeshe. Mimi nimemshtua tu. Kumfukuza ni kazi yako, maana wewe ndiye uliyemkaribisha."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie atoke. Lakini useme ukimaanisha, atajua."

Rufat alisimama kwenye uwanja, akiuelekea mlango wa banda. Kabla hajasema neno, sauti ya mkewe ilimjia kutoka gizani mle, ya upole.

"Nikiondoka, utabaki na nani?"

Bi Zulfiye akamshika bega.

"Sina mtu," Rufat alisema. "Toka."

Ndipo trekta, ambalo magneto yake ilikuwa juu ya meza jikoni na ambalo halikuwa na tone la petroli, likawaka, likanguruma mpaka vigae vya paa vikacheza, likavunja mlango wa banda, likapita mbele yao bila dereva, hendeli ikizunguka kama inayozungushwa na mkono wenye hasira, likashuka barabara ya kijiji, likamezwa na ukungu. Walilisikia likiporomoka bondeni. Baadaye pakawa kimya, kimya kile kile alichokuwa akikiogopa.

Rufat alichukua simu na kufanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: alimwomba mkewe arudi nyumbani.

"Rufat, mbona hueleweki? Juzi si ulinipigia? Ukasema nisije tena, umeshapata wa kukupikia."

"Sikuwa mimi," alisema Rufat. "Nakuomba, panda basi."

Alipanda. Rufat alimngoja kituoni, kwenye njia panda, amenyoa ndevu. Basi liliposimama Sevdiye hakushuka. Alibaki kwenye ngazi, begi kifuani, akimtazama usoni, akamtaka amwambie kitu ambacho Rufat wa kweli peke yake ndiye angekijua.

Rufat alihangaika kufikiri. Miaka yote ile ya simu, akakosa cha kushika. Dereva akapiga honi.

"Siku ya harusi ulilia," alisema hatimaye. "Watu wakadhani unawalilia wazazi wako. Kumbe ni viatu vilikubana."

Sevdiye akacheka, akashuka. Basi likaondoka. Rufat alipokea begi, na kabla hawajapiga hatua akamwomba naye amwambie kitu.

Sevdiye hakufikiri hata kidogo. "Siku niliyoondoka, ulisema unakwenda kulisha kuku. Ukajifungia bandani ukalia, umejiziba mdomo kwa kofia."

Rufat alisimama na begi mkononi. Hilo hakuwahi kumsimulia mtu. Siku ile, mle bandani, aliamini yuko peke yake; sasa akakumbuka Bi Zulfiye alivyosema, kwamba kuna aliyekuwemo zamani.

Hata hivyo akamshika mkono, wakaanza kutembea kuelekea nyumbani.