Nani Alimfukuza Wilga?

Ijumaa, saa tano na dakika tano asubuhi, katika studio ndogo ya michezo ya kompyuta jijini Wrocław, Dobrochna alimwona Wilga kwenye skrini akiondoka kwa mara ya sita. Mchezaji alikuwa amemwokoa mfungwa; Wilga, mpiga upinde anayefuatana naye safarini na kupenda watu wa huruma, akatupa upinde chini akaenda zake.

Kazi ya Dobrochna ilikuwa kujaribu mchezo kabla haujatoka. Jana Wilga alikuwa mzima. Leo kila wema ulimkera. Saa nane mkurugenzi angekagua, na Wilga akiondolewa mchezoni, mwandishi wake, Kinga, angepoteza kazi.

“Mapendeleo ya Wilga yamebadilishwa leo, saa nne na dakika kumi,” Dobrochna alisema. “Kwenye kompyuta yako, Radek.”

“Yangu?” Radek, fundi wa programu, aliruka. “Saa hiyo nilikuwa nakata keki ya siku ya mtakatifu wa jina langu! Wewe si umekula vipande viwili?”

Vitatu, kusema kweli.

“Kompyuta uliifunga?”

“Nani anafunga kompyuta kwenye keki?”

“Nani hakuwepo?”

“Kinga alikuwa nje na simu. Bwana Cezary alifuata visahani jikoni. Alivyochelewa, tukaila keki mikononi.”

Walimkuta Kinga mezani kwake, macho mekundu. “Nimuue Wilga wangu mwenyewe? Una wazimu?”

“Matendo mema yanayomfurahisha ni arobaini,” Dobrochna alisema. “Thelathini na tisa yamegeuzwa yamkere. Lile la kumkaribisha mgeni kwenye kiti kitupu, mkesha wa sikukuu, halikuguswa. Uliliandika lini?”

“Si langu. Nilimpokea Wilga kutoka kwa Bwana Cezary, nikalikuta humo.”

Saa sita kasoro robo walisimama wote watatu mbele ya meza ya Cezary, mwandishi mkongwe wa studio.

“Bwana Cezary, mbona kile kiti ulikiacha?” Dobrochna aliuliza.

Mzee alikunja leso yake, akaikunjua.

“Ni cha mama yangu,” alisema mwishowe. “Kila mwaka alimwekea mgeni sahani. Nilishindwa kukigusa.”

“Na mengine?”

“Nilimlea Wilga miaka miwili! Nikanyang'anywa, nikapewa kuandika majoka. Akaja huyu binti. Barua za wachezaji zikawa zake, maua yake, picha ukutani yake. Wivu umenila, ndiyo. Kila wakimsifu nilikuwa siwezi hata kumeza chai.”

“Ningefukuzwa kazi,” Kinga alisema.

“Nilijua.”

Kinga alifungua kwenye kompyuta ya mzee orodha ya majina yanayopita mchezo ukiisha. Ilikuwa ya mwezi uliopita. Chini ya jina la Wilga palikuwa na majina mawili, la Cezary Mroczek likitangulia.

“Nilikutanguliza mimi,” alisema. “Kwa sababu ya kile kiti.”

Cezary alivaa miwani akasoma. Alisoma tena.

“Nifute,” alisema.

“Sikufuti,” Kinga alijibu. “Ila hapa usirudi tena.”