Neno la Kumwitikia Mwatumu

Mastura, jirani yetu wa Makorora, asubuhi ile aliamka na furaha zake. Maombi ya kazi ya ualimu yalikuwa yanafungwa adhuhuri, vyeti vyake vyote vimo ndani ya kompyuta, kilichobaki ni kuvituma tu. Binti yake Shadya, ndiyo kwanza anaanza kuunga maneno, alikuwa mkekani akichezea vifuniko vya chupa.

Chumba cha pili kilikuwa kimefungwa tangu afe Mwatumu, mke mkubwa. Huyo Mwatumu, Mungu anisamehe, alikuwa na roho mbaya. Hakujaaliwa mtoto, akamkodolea macho wa mwenzake. Alitaka Shadya amwite yeye mama, na Mastura aitwe mama mdogo. Bibi yake mtoto alifunga safari kutoka Pongwe kuja kumwonya Mastura: "Yule akikwita, nenda, lakini usimwitikie abee. Anayemwitikia huwa keshampa anachokitaka." Mastura akashika. Tangu hapo kila akiitwa alikwenda kimya, na Mwatumu akafa na kinyongo chake akisema, "Iko siku utaniitikia."

Basi Mastura akaandika neno lake la siri. Likakataliwa. Akarudia polepole, herufi kwa herufi. Likakataliwa tena. Akampigia simu Anold, fundi wa kompyuta wa Nguvumali.

"Chini ya hicho kisanduku pana dokezo," Anold akamwambia. "Uliliweka mwenyewe, likukumbushe."

Kweli lilikuwapo: *Mkubwa wako akikwita, huitikaje?*

Hakukumbuka kuliandika. Lakini ndiyo adabu aliyokuwa akimfundisha Shadya kutwa, akadhani ni mzaha wake mwenyewe. Na saa zilikuwa zinakwenda. Akaandika: abee.

Kompyuta ikafunguka.

Papo hapo, upande wa pili wa ukuta, kitanda kikalia. Kikalia vile kinavyolia mtu anapoinuka.

Mastura akaganda. Akaelewa alichokifanya.

"Shadya," akanong'ona. "Njoo, mwanangu."

Mtoto hakugeuka. Vifuniko ameviacha. Anautazama ukuta.

"Abee, mama," akaujibu ukuta.

Mastura akamnyakua, akatoka naye pekupeku mpaka barabarani, akapanda gari la kwanza lililokwenda Pongwe. Vyeti havikutumwa, na kazi wakapata wengine. Anold alipokuja kuitazama kompyuta, aliikuta imejifunga. Aliandika abee, ikakataa. Dokezo nalo lilikuwa jingine, neno moja tu: *Ahsante.*

Shadya ni mzima. Anakula, anacheza, hana homa wala jeraha. Ila Mastura akimwita, haitiki. Na akitaka maji humjia taratibu, akamvuta upindo wa kanga, akasema, "Mama mdogo, nina kiu."