Karatasi ya Pili

"Hesabu hii umeipiga mwenyewe?"

Mumewe hakuinua macho. "Nimeipiga. Kuna nini?"

Mama Pembe, ndivyo kazini walivyombatiza, akavuta kiti. Miaka saba walikuwa wakikielekeza chombo kimoja cha anga kwenye sayari moja ya mbali. Mke alitafuta pembe ya kukigeuza, mume akaitafuta upya kwenye karatasi yake bila kuchungulia, ndipo wote wakatia sahihi. Leo tarakimu zao zilifanana hadi ya mwisho. Lakini yeye, kwa uchovu, alikuwa ametumia vipimo vya nyota vya jana badala ya vya leo. Aligundua akiwa anakunywa chai. Na mumewe alikuwa na kosa lilelile.

Lilikuwa sehemu moja ya elfu ya digrii, kitu cha kuchekwa. Kwa kilomita milioni mia sita zilizobaki, chombo kingeikosa sayari kwa kilomita elfu kumi.

Simu ikatetema. Mkuu wa zamu aliandika: "Amri inarushwa saa nne kamili. Nasubiri karatasi zenu."

"Umenakili yangu," Mama Pembe alimwambia mumewe.

Mume akavua miwani. "Nakuamini, mke wangu. Hujawahi kukosea."

"Tangu lini?"

Akakiri ni tangu mwaka jana. Mwaka huohuo ndipo walipoacha kuulizana nyumbani umeamkaje, umekula nini. Mama Pembe alichoka hata kukasirika akashindwa.

"Nyumbani nimezoea kuwa peke yangu. Hapa nilidhani tuko wawili."

"Nisamehe."

"Piga hesabu. Ukishindwa, nitaomba mtu mwingine wa kufanya naye kazi. Na nyumbani nitahama."

Zilibaki dakika arobaini. Wakapeana migongo, kila mtu na penseli yake, wote wakianza upya na vipimo vya leo. Alimsikia mumewe akifuta, akiguna, akifuta tena. Mwaka mzima hakuwa ameisikia sauti hiyo, wala hakujiuliza kwa nini.

Saa nne kasoro dakika kumi mume akageuza kiti, akalinganisha karatasi zao.

"Hatufanani. Tazama mstari wako wa sita, umejumlisha mahali pa kutoa."

Akatazama. Kweli. Machozi yakamtoka, akasahihisha huku yanadondokea karatasi. Zikalingana. Wakatia sahihi, amri ikaenda.

Mumewe akamtazama, safari hii sawasawa.

"Umechoka, mke wangu."

"Tangu mwaka jana," akajibu, akamwachia mkono wake aushike.