Tangi la Tatu la Kijani

Walikutana kantini ya kiwanda saa ya chakula, foleni imefika mlangoni. Yeye alikuwa mhasibu mgeni, wiki yake ya kwanza, blauzi nyeupe pee na sketi ya bluu. Nyuma yake alisimama fundi mchanganyaji wa rangi, ovaroli imejaa madoa. Watu wakasukumana, kiwiko cha fundi kikagusa blauzi.

"Samahani dada! Hiyo ni njano namba nne."

"Namba yake itanisaidia nini? Inatoka?"

"Haitoki. Tunapoitengeneza tunaomba isitoke."

Mhasibu akacheka kabla hajaamua kukasirika. Miezi mitatu baadaye walikuwa wanakula meza moja, na jioni simu haziishi.

"Umefika, mpenzi?"

"Nimefika. Nimekukumbuka."

"Si tumeachana nusu saa tu?"

"Basi nusu saa yenyewe ndiyo hiyo."

Kisha tangi la kijani likaharibika. Lita elfu mbili zilizotakiwa ziwe kijani kibichi zilitoka zimefifia kama majani yaliyonyauka. Lilikuwa la tatu mwezi ule. Meneja akamwita mhasibu.

"Nipigie hesabu, kulirekebisha ni kiasi gani. Ikizidi laki saba, yule fundi anakwenda."

Mhasibu aliandika kila kitu: unga wa rangi wa kuongeza, saa za mafundi, umeme, vipimo vya maabara, na siku mbili ambazo tangi lisingefanya oda nyingine. Laki tisa na arobaini elfu.

Fundi alikuwa ameshasikia hesabu ile na kauli ya meneja; alimsubiri getini.

"Toa zile siku mbili za tangi, itashuka chini ya laki saba. Nani anazihesabu?"

"Mimi."

"Utanifukuzisha kazi!"

"Unataka niandike uongo?"

"Nataka uwe upande wangu."

Akaondoka bila kuaga. Siku nne hakuna aliyepiga simu. Mhasibu alilia chooni, akanawa uso, akarudi mezani. Kuna kitu kilikuwa kinamsumbua: matangi yote matatu yalihitaji kuongezwa unga kwa kiasi kilekile. Mtu anayekosea hakosei kwa kipimo. Akashuka ghalani, akakuta magunia ya muuzaji mpya, wa bei nafuu, yaliyoanza kuingia mwezi uleule. Maabara ikapima: unga ule ulikuwa dhaifu kwa robo nzima.

Akaongeza ukurasa mmoja kwenye hesabu yake. Unga wa bei nafuu uliokoa laki mbili. Kurekebisha matangi matatu kulikula zaidi ya milioni mbili na nusu. Sahihi ya kumkubali muuzaji ilikuwa ya meneja mwenyewe. Meneja alisoma mara mbili, akajikuna kichwa.

"Turudi kwa muuzaji wa zamani. Na fundi aendelee na kazi."

Mchana ule fundi alisimama mlangoni kwa mhasibu, kofia mkononi.

"Nimesikia ulichofanya."

"Jumla ni ileile. Siku mbili za tangi zimo."

"Najua. Nilikuomba kitu kibaya. Nisamehe."

Mhasibu hakuinua macho kutoka kwenye karatasi. "Uliniacha getini kama mtu usiyemjua."

"Hata dada yangu kanisema mpaka simu ikaisha chaji. Anasema mwanamke asiyekubali kudanganya hata kwa ajili yangu, huyo ndiye wa kuoa."

"Na wewe ukamjibu nini?"

"Nikamwambia Jumamosi namleta nyumbani. Kama atakubali."

Mhasibu akaweka kalamu chini.

"Saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi."

"Nipitie saa tatu. Nawe uje na shati safi."