Namba Kubwa ya Wifi

Kila Jumamosi jioni, msimamizi wa karakana ya nguo aliandika namba ubaoni kwa chaki. Zilikuwa hesabu za mashati. Aliyeshona mengi aliandikwa juu, aliyeshona machache aliandikwa chini. Juu kabisa, wiki hadi wiki, alikuwa Sindano. Wa pili alikuwa Vifungo.

Wa pili! Neno hilo lilimkaa Vifungo kooni. Sindano angekuwa mtu baki, angevumilia. Lakini alikuwa wifi yake, dada wa mumewe. Waliishi ua mmoja, pamoja na mama mkwe. Basi mambo ya karakana yalimfuata mpaka jikoni.

"Mwanangu Sindano ana mikono ya baba yake," mama mkwe alisema huku akichambua mboga. "Na macho pia. Ona hivyo vidoa vya manjano kwenye kope zake. Marehemu alikuwa navyo vile vile. Ni alama ya bahati."

"Ni kweli, mama," Vifungo alijibu. Alikwangua sufuria kwa nguvu mpaka mumewe akamuuliza kama anataka kuitoboa.

Tuseme ukweli, alikuwa na wivu. Alimwonea Sindano wivu wa mikono myepesi na wa sifa za mama mkwe. Alimwonea wivu wa kiuno, maana Sindano alikula nyama ya mafuta sahani mbili na bado alikuwa mwembamba kama uzi. Hata vile vidoa vya kope alivionea wivu. Jamani, vidoa!

Siku moja wauguzi wa zahanati walikuja karakanani na mashine ndogo. Walimtoboa kila mfanyakazi kidoleni, wakapima tone la damu, wakampa karatasi yenye namba. Walitaka kueleza, lakini foleni ilikuwa ndefu na msimamizi alikuwa anapiga kelele watu warudi kazini. Wakasema watakaohitajika wataitwa.

Karatasi ya Vifungo ilisema 168. Ya Sindano ilisema 298.

"Ala! Hata damu nimekushinda, wifi!" Sindano akasema, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Usiwacheke sana watu hawa. Miaka yote walikuwa wanatazama ubao ule. Kwao namba kubwa ilikuwa ushindi, na hakuna aliyewahi kuwaambia vingine.

Kesho yake tarishi alileta karatasi fupi: "Namba 41 afike zahanati kesho saa mbili asubuhi. Asile kitu kuanzia leo usiku." Hiyo ilikuwa namba ya kazi ya Sindano, naye alikuwa stoo, anachukua vitambaa.

"Mpe wifi yako," tarishi akasema, akaenda zake.

Mpiga pasi akainua shingo. "Ah, mnajua msimamizi anastaafu? Mimi nasema wanatafuta mwenye damu yenye nguvu ashike nafasi yake. Ndiyo maana wanaita wenye namba kubwa."

Vifungo akaitazama karatasi. Haikuwa na jina. Ilikuwa na namba tu. Sindano awe msimamizi? Amsimamie yeye, karakanani na nyumbani? Mkono wake ukaikunja karatasi na kuitia mfukoni kabla moyo haujasema hapana.

Asubuhi yake aliondoka bila kunywa chai. Nesi wa zahanati alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alichukua damu mkononi, safari hii sindano nzima, akaipeleka maabara. Kisha akarudi na faili, akaketi.

"Wewe ndiye mwenye 298," alisema.

"Ndiye mimi," Vifungo alijibu kwa majivuno.

"Unatabasamu nini, mama? Hii si namba ya mtihani. Hiki ni kipimo cha kolesteroli. Ni mafuta yaliyo kwenye damu. Mwili unayahitaji, lakini kwa kiasi. Yako yamezidi sana."

Tabasamu la Vifungo likafutika. "Kwani kubwa si nzuri?"

"Sikiliza. Mafuta hayachanganyiki na maji, hata kwenye damu. Kwa hiyo mwili huyafunga katika vifurushi vidogo mno. Viko vinavyopeleka mafuta sehemu mbalimbali za mwili. Hapa vimeandikwa LDL. Vikizidi, mafuta yake hujijenga kwenye kuta za mishipa ya damu. Mshipa unaziba polepole, kama bomba la sinki la jikoni. Damu ikizuiwa kufika kwenye moyo, mtu anaweza kufa ghafla. Ikizuiwa kufika kwenye ubongo, anaweza kupooza."

"Na hivi vingine, HDL?"

"Hivyo husaidia kuokota mafuta yaliyozidi na kuyarudisha kwenye ini. Na LDL yako ni 214. Hiyo lazima tuishushe."

"Lakini haumwi popote!" Vifungo akasema. Akajirekebisha haraka. "Siumwi popote."

"Hayaumi. Ndiyo hila yake. Unaweza kukaa nayo miaka bila kujua. Na usidhani ni ya wanene tu. Wako wembamba wanaoirithi kwa wazazi. Wengine hutoka vidoa vya manjano kwenye kope." Nesi akamsogelea, akamtazama macho. "Wewe huna. Baba yako yupo?"

Vifungo akajibu kama ambavyo Sindano angejibu. "Alifariki. Alianguka ghafla, ameshika mkasi mkononi. Alikuwa na miaka arobaini na minne."

Nesi akaweka kalamu chini. "Una ndugu wa damu?"

"Kaka mmoja."

"Naye apimwe haraka."

Kaka mmoja. Huyo kaka alikuwa mumewe! Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, na jana tu Vifungo alikuwa amemkaangia nyama, akamwongezea na mafuta juu ili amsifu kama anavyomsifu dada yake.

Mlango ukagongwa. Majibu ya maabara yalikuwa tayari. Nesi akasoma, akacheka kwa furaha.

"Hee! Mama, shukuru Mungu! Jumla 165, LDL 96. Mashine ile ya karakanani ilikosea. Huna tatizo. Ngoja nilifute lile jibu la kwanza, uende zako."

Akachukua kalamu.

Vifungo hakuinuka. Wivu ni mdudu mbaya, nisiwafiche. Hata pale ulimnong'oneza: nyamaza. Hakuna atakayejua. Ubaoni utabaki wewe. Akaiona nafasi ya kwanza, na jina lake juu kabisa. Kisha akamwona Sindano amelalia cherehani, na mama mkwe anapiga yowe la msiba kwa mara ya pili.

Akaukamata mkono wa nesi.

"Usifute! Damu hiyo si ya namba 41. Ni yangu. Namba 41 ni wifi yangu, na karatasi yake nimemwibia."

Nesi hakumfokea. Aliandika upya, akampa karatasi nyingine. "Mlete leo hii," alisema.

Sindano alikuwa anapachika mikono ya shati Vifungo alipoingia. Alisikiliza yote, mguu wake bado kwenye kanyagio la cherehani. Kisha akatupa mkasi mezani.

"Wifi! Ulitaka kuninyang'anya hata ugonjwa?"

"Nilidhani ni cheo."

"Loo! Ningekufa, ungevaa viatu vyangu?"

"Nisamehe," Vifungo akasema, na machozi yakamtoka. "Utaninunia baadaye, lakini twende sasa."

Walikwenda. Sindano alitangulia hatua kumi mbele, hakugeuka njia nzima. Ila aliporudi kutoka chumba cha daktari, alikaa kwenye benchi karibu na Vifungo, akamshika mkono. Vipimo vya pili vilikuwa vile vile kama vya kwanza. Mashine haikukosea hata kidogo.

Mume alikuwa mgumu zaidi. "Mimi mzima, sina hata mafua," alisema. Vifungo akamvuta dirishani kwenye mwanga. Kwenye kope ya kushoto kulikuwa na kidoa kidogo cha manjano, ndiyo kwanza kinaanza. Siku zote alikuwa anatazama kope za wifi, hakuwahi kutazama za mumewe. Akampeleka yeye mwenyewe. Naye akakutwa na 281.

Daktari aliwapa ndugu wale wawili vidonge vya kumeza kila siku. Aliwaonya wasiache hata wakijisikia wazima, mpaka yeye aseme. Mume aliacha sigara, kwa ugomvi mwingi. Jikoni, nyama ya mafuta ikapungua na kukaanga kukapungua. Maharage, mboga za majani na matunda vikaongezeka. Jioni walitembea wote watatu, mwendo wa haraka, na Sindano akawa mbele kama kawaida yake. Baada ya miezi mitatu walipimwa tena. LDL ya Sindano ilikuwa imeshuka kutoka 214 hadi 118, na ya kaka yake nayo ilishuka vizuri.

Na usimamizi je? Alipewa Sindano. Vifungo aliumia roho kidogo, nisiseme uongo. Lakini kila asubuhi alikuwa wa kwanza kumwuliza, "Wifi, umemeza?"

Mwaka na nusu ukapita. Siku moja wakiwa mezani, mama mkwe alimtazama mwanawe wa kiume kwa muda mrefu, sahani mkononi.

"Leo umetimiza arobaini na mitano," alisema. "Umempita baba yako."

Mama mkwe akafuta macho kwa ncha ya kanga. Kisha akapakua sahani ya kwanza, akampa Vifungo.

"Kula, mwanangu," alimwambia.

Sindano akashika kiuno. "Ala! Mama, na mimi je?"

"Wewe ngoja zamu yako," mama mkwe akasema. "Leo wewe ni wa pili."