Utakula Kuku ama Samaki?

"Marigu, njoo uone maajabu," Tata Gatakaa aliita kutoka pembeni mwa jiko, simu ya Marigu, binti wa kaka yake, mkononi. "Yule mtu wako aliyesema yuko kwenye ndege amefungua ujumbe wako. Tiki za buluu hizi hapa, zinawaka kama macho ya paka."

Marigu aliacha kukata kabichi.

"Si nilikuambia, Tata? Ndege yake ya jana iliahirishwa. Saa hii yuko angani, anakuja."

"Yuko angani na simu imewashwa?"

"Labda."

"Labda ndiyo imezeesha wasichana wengi hapa Kanja." Tata alijifunga leso upya, vile hujifunga akitaka kusema neno zito. "Mimi nimepanda ndege. Kuna mwingine humu jikoni amepanda?"

Hakukuwa na mwingine. Tata Gatakaa aliwahi kupanda ndege kwenda Mombasa binti yake alipojifungua, na tangu siku hiyo mambo yote ya ndege ukoo mzima yalipitia kwake.

"Kabla haijaruka," aliendelea, "msichana mwenye kofia ndogo alinisimamia akasema, mama, zima simu. Nikamwambia nataka tu kuwaambia watu wa Kanja watoke nje wanipungie mkono. Akasema ukiiwasha, ndege inaweza kupotea njia. Nikazima. Sasa huyu wako anasoma ujumbe na ndege haijapotea. Jiulize ni ndege gani hiyo."

Marigu alijiuliza, na jibu halikumpendeza. Muthomi alikuwa amekaa Doha miaka miwili akipika kwenye hoteli, na muda wote huo yeye alifukuza wachumba wengine kama anafukuza kuku shambani. Leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Sebuleni walikaa wazee wa Meru, watu wa Muthomi, wakiongozwa na amu yake, Mzee Kiunga. Katikati yao kulikuwa na kibuyu cha pombe ya asali. Hakuna ambaye angekigusa mpaka Marigu aitwe na aulizwe mbele ya wote: tunywe, ama tusinywe? Akisema wanywe, ameolewa. Akikataa, kibuyu kinarudi kilikotoka.

Aliandika: "Uko wapi?"

Jibu lilirudi upesi. "Kwa ndege, mpenzi. Nimenunua intaneti ya huku juu ndio usiwe na wasiwasi. Wamekunywa?"

"Ati intaneti inauzwa huko juu," Tata alisema. "Kuna kioski? Mwambie atume sauti. Maneno ya kuandika hata mimi naweza kukuandikia kwamba niko Roma."

Sauti ilikuja. Tata aliibonyeza yeye mwenyewe, na kwa bahati mbaya au nzuri akaifungulia mpaka mwisho.

"Marigu wangu, usisikize maneno ya mtu. Niko hapa dirishani nakufikiria wewe tu. Nikifika huko mimi..."

Hapo sauti ya mwanamke ikaingia, laini kama siagi:

"Dia, utakula kuku ama samaki?"

Ikakatika. Kabichi iliyokuwa kwenye sufuria ni kama ilipunguza kuchemka.

"Anachaguliwa mpaka kitoweo," Tata alisema polepole. "Mimi tangu niolewe sijawahi kumuuliza mzee wangu atakula nini. Huyo mama anampenda sana."

"Tata, tafadhali."

"Sijasema kitu. Nimesema anapendwa."

Kabla Marigu hajapangusa macho, baba yake, Mzee Nyaga, aliita kutoka sebuleni. Alienda vile alivyokuwa, na aproni yake.

Mzee Kiunga alikohoa kwa heshima. "Binti yetu, sisi tumetoka Nkubu asubuhi. Kibuyu ni hiki. Tunywe, ama tusinywe?"

Marigu aliangalia kibuyu, kisha akaangalia viatu vya baba yake.

"Mniwie radhi, wazee wangu. Nipeni muda kidogo."

"Koo zetu zimekauka, mama."

"Nitawaletea maji."

Aliwaletea maji. Wazee wa Meru waliyatazama yale maji kama watu waliotukanwa kwa upole.

Jikoni, Marigu aliandika: "Huyo anayekuuliza utakula nini, mwambie aongee na mimi. La sivyo kibuyu kinarudi Meru."

Tiki moja. Wakangoja. Bado tiki moja.

"Amezima," Tata alisema, na safari hii hakukuwa na mzaha kwenye sauti yake. Alimvuta Marigu kando yake, akampa pembe ya leso apangusie pua. "Wacha aende. Kwani ni yeye peke yake anajua kupika?"

Tiki ya pili ikaingia. Zikageuka buluu. Halafu sauti:

"Habari yako, Marigu. Mimi naitwa Carol, nahudumia abiria kwa hii ndege. Huyu bwana wako amekataa kuku, amekataa samaki, anasema hali mpaka umjibu vizuri. Mjibu, tafadhali. Chakula kinapoa na nina watu wengi wa kulisha. Na hiyo dia usijali, mimi huambia kila mtu dia, hata wazee."

"Ameandaa mwenzake amtetee," Marigu alisema.

Lakini Tata alikuwa ameinamisha sikio. "Hebu rudisha. Huyo si wa Nairobi. Huyo ameongea kama watu wa Mbeere. Muulize ni wa kwa nani."

"Tata, sasa hiyo itasaidia nini?"

"Muulize."

Marigu aliuliza. Carol akajibu: "Ni wa kwa Gitari, Gachoka. Gitari wa mbuzi."

Tata alishika kiuno. "Mama yake tumeimba naye kwaya ya akina mama. Nipe simu yangu."

Gachoka ilipokea.

"Mama Carol, hujambo? Ni Gatakaa wa Kanja."

"Sijambo, dada. Umepotea sana."

"Niko. Carol wako yuko wapi leo?"

"Kwani amefanya nini?"

"Hajafanya kitu. Nauliza tu vile watu huuliza."

"Yuko kazini. Alinipigia asubuhi akiwa Doha kabla hawajaruka. Saa hii wako juu wanakuja."

"Na akiwa huko juu, ukimwandikia inafika?"

"Siku hizi hufika. Hizo ndege zao mpya zina intaneti yao. Kwani wewe ulipanda lini?"

Tata Gatakaa alikata simu.

"Mtandao wa Gachoka ni mbaya," alisema, akashughulika na sufuria ambayo haikuhitaji kushughulikiwa.

Marigu alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaandika neno moja: "Kula."

Alivua aproni, akaingia sebuleni na kusimama mbele ya kibuyu.

"Wazee wangu, kunyweni."

Mzee Kiunga hakusubiri arudie.

Muthomi alifika jua likielekea kuzama, shati limekunjamana kwa safari. Marigu alimngoja langoni na sahani iliyofunikwa.

"Dia," alisema, "utakula kuku ama samaki?"

"Samaki iko?"

"Haiko."

"Basi kuku."

"Umechagua vizuri."

Na Tata, nyuma yao: "Mle haraka, wazee wamemaliza kila kitu mpaka ile asali ya chini."

Harusi ilifanyika Desemba. Muthomi aliporudi kazini aliondoka na mkewe, na safari hii Marigu ndiye aliyekaa dirishani. Wakiwa juu kabisa, simu ilitetemeka.

"Ni mimi Tata. Niko nje uani na leso. Watu wananiuliza napungia nani. Mmeniona?"

Marigu aliangalia chini. Kulikuwa na mawingu matupu, meupe, hata mlima hauonekani.

"Tumekuona, Tata," alijibu. "Muthomi anasema hiyo leso inakupendeza."