Karanga Anakwenda Tukuyu

Atupele alikuwa na miaka sita. Aliishi Iringa na baba, mama, na mbwa wake mdogo, Karanga.

Karanga alikuwa wa rangi ya kahawia. Sikio lake moja lilisimama. Sikio la pili lililala.

Jumanne jioni Baba akasema, "Jumamosi tunakwenda Tukuyu, kwa Bibi!"

Atupele akaruka. Karanga naye akaruka, ingawa hakujua kuna nini. Hau! Hau! Hau!

*Twende, Karanga, twende!*
*Safari ni yetu sote!*

Baba akaleta tenga la mianzi, lile la kubebea nyanya. Akalilaza ubavu. "Karanga atasafiri humu," alisema. "Gari likisimama ghafla, hatarushwa wala hataumia."

Karanga akalinusa tenga. Fnu, fnu, fnu. Akafyata mkia. Akakimbilia chini ya meza!

"Akikataa, itabidi abaki kwa jirani," alisema Mama.

Abaki? Karanga hajawahi kubaki!

Jumatano, Atupele akaweka sweta lake la zamani ndani ya tenga. Akaweka na kipande cha kiazi. Karanga akaingiza pua tu.

Alhamisi, Karanga akaingiza kichwa. Akaingiza miguu miwili. Halafu, fyuu! Akatoka mbio.

Ijumaa, Atupele akalala sakafuni, uso kwa uso na tenga. "Karanga," alinong'ona, "mimi nitakaa pembeni yako. Njia nzima."

Karanga akamtazama. Mguu wa kwanza ukaingia. Wa pili. Wa tatu. Wa nne! Hata mkia ukaingia!

"Mamaaa! Babaaa! Njooni muone!"

*Twende, Karanga, twende!*
*Safari ni yetu sote!*

Jumamosi asubuhi, Karanga alikula kidogo tu, tumbo lisije likachafuka njiani. Kisha akaingia ndani ya tenga, na Baba akaliweka kwenye kiti cha nyuma. Akalifunga kwa mkanda wa gari. Kla!

Atupele naye akafunga mkanda wake. Kla! Mama, kla! Baba, kla!

Vruuum! Gari likaondoka. Miti ikapita. Ng'ombe wakapita. Dirisha lilikuwa wazi kidogo, na upepo mtamu ukaingia.

Halafu zikaja kona. Gari huku, gari kule. Gari huku, gari kule.

Karanga akaanza kulia. Iii, iii, iii. Udenda ukamtoka, tii, tii, tii.

"Baba, simama! Karanga anaumwa!"

Baba akaegesha gari pembeni, mbali na barabara. Atupele akashika kitasa cha mlango. Alitaka kumtoa Karanga upesi!

"Ngoja, mwanangu," alisema Mama. "Kamba kwanza, mlango baadaye."

Atupele akafunga kamba kwenye mkanda wa shingo wa Karanga. Akazungusha ncha mkononi, mara mbili. Ndipo Mama akafungua mlango.

Meee! Mbuzi alikuwa ng'ambo ya barabara.

HAU! Karanga akaruka! Akakimbia kuelekea barabarani!

POOOO! POOOO! Lori kubwa likaja!

Kamba ikakazika, twii! Atupele akavuta kwa mikono miwili. Akaketi chini, pu! Hakuachia. Hakuachia hata kidogo.

Lori likapita. Vuuuuu!

Vumbi likatulia. Karanga alikuwa palepale, pembeni ya Atupele, akimlamba shavu. Moyo wa Atupele ulipiga dudu, dudu, dudu.

Mama akawakumbatia wote wawili. "Umemshika," alisema. "Umemshika barabara."

Karanga akanywa maji kwenye bakuli. Akakojoa kwenye nyasi. Akapunga hewa. Kisha akaingia mwenyewe ndani ya tenga!

*Twende, Karanga, twende!*
*Safari ni yetu sote!*

Jioni wakaona migomba. Wakaona mashamba ya chai, kijani, kijani, kijani. Wakamwona Bibi mlangoni!

"Shikamoo, Bibi!"

"Marahaba, mjukuu wangu! Na huyu mwenye sikio la kulala ni nani?"

"Ni Karanga! Amesafiri kutoka Iringa!"

"Jamani!" Bibi akapiga makofi. "Kumbe nimepata wageni wakubwa. Karibuni ndani!"

Wakala ndizi za kupika. Mvua ikaanza kunyesha juu ya bati. Ta, ta, ta, ta. Atupele akapanda kitandani. Karanga akajikunja kwenye mkeka, akalala papo hapo.

Mara miguu yake ikaanza kucheza. Chaka, chaka, chaka.

"Bibi, tazama! Anakimbia huku amelala! Anakwenda wapi?"

"Anaota," alisema Bibi, akimfunika blanketi. "Anaizunguka Tukuyu yote."

"Bila mimi?"

Atupele akafumba macho haraka haraka, ili amfuate.